Ufa wa tenki, meno ya mtoto

NYUMBA nyingi zinazouzunguka Mlima Meru, kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River na kuendelea mpaka Ngarenanyuki, zina tenki la kuvunia maji ya mvua ubavuni. Mengi ni yale meusi ya plastiki ambayo kila mtu huyaita simtanki, hata kama yametengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Mengine ni ya mawe au matofali na saruji, yamejengwa enzi za babu. Yapo pia ya bati, masalia ya shule na mashamba ya zamani ya kahawa. Na karibu yote, yakishatumika miaka kadhaa, huanza kuvuja.

Kuvuja kwenyewe huanza kimyakimya. Kiangazi kimekausha uwanja mzima, lakini chini ya tenki kuna nyasi mbichi na kuku hawabanduki hapo. Mama wa nyumba huweka beseni chini ya tone, maji yanayodondoka yanafulia soksi za shule, na maisha yanaendelea. Kwingineko nchini hilo lingekuwa suala la kupoteza maji tu. Kwa familia ya Meru yenye mtoto mdogo, kinachodondoka pale ni maji ambayo hayana mbadala jikoni.

Meru ni mlima wa volkano. Miamba na majivu yake yana madini ya floraidi, na maji yanayopita ardhini huyayeyusha na kutoka nayo kwenye chemchemi na visima. Floraidi kidogo huimarisha meno, ikizidi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania, ikijua hali ya vyanzo vyake, kwa miaka mingi ilivumilia hadi miligramu 4 kabla ya kushuka hadi hiyo 1.5. Vyanzo kadhaa upande wa Ngarenanyuki na Maji ya Chai vimewahi kupimwa na kukutwa na zaidi ya miligramu 10. Chemchemi za juu, upande wa kusini wa mlima, kwa kawaida zina nafuu. Ndiyo maana majirani wawili wanaochota sehemu tofauti wanaweza kuwa na watoto wenye meno tofauti.

Utani wa kumtambua mtu wa Arusha kwa meno yake ya kahawia umezoeleka kiasi kwamba wengine hudhani meno hayo yanarithiwa, wakati chanzo chake ni maji aliyokunywa mhusika kabla hata hajaanza darasa la kwanza. Jino la kudumu hujengwa ndani ya fizi miaka mingi kabla halijaonekana. Meno ya mbele, yale yanayoonekana mtu akicheka, hujengwa zaidi katika miaka minne ya mwanzo. Kufikia miaka minane hivi kazi imekwisha kwa karibu meno yote, ukiacha magego ya mwisho. Mzazi anayeanza kuhangaikia maji siku anapoona jino jipya la mwanawe limetoka na madoa amechelewa, kwa sababu doa hilo liliingia mtoto alipokuwa anajifunza kutembea.

Meno ndiyo yanayoonekana kwanza, lakini madhara hayaishii kinywani. Floraidi ikiwa nyingi sana na ikanywewa kwa muda mrefu, huingia kwenye mifupa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu watoto wa kusini-magharibi mwa Wilaya ya Hai, jirani kabisa na Arumeru, ulieleza watoto waliopinda miguu kwa sababu hiyo. Miguu ya namna hiyo hainyooki kwa kubadili maji ukubwani.

Kuna mambo matatu ambayo wazazi hufanya kwa nia njema na hayasaidii. La kwanza ni kuchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi haiondoki na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, inayobaki inakuwa nzito zaidi. La pili ni kutia dawa ya klorini, ambayo nayo kazi yake ni vijidudu tu. La tatu ni ule mtungi wa chujio la udongo unaouzwa madukani, ambao huzuia uchafu na vimelea lakini huiacha floraidi ipite. Chujio linaloiondoa ni la aina maalumu, kama lile la mkaa wa mifupa ya ng'ombe lililofanyiwa kazi miaka mingi katika kituo cha utafiti cha serikali cha Ngurdoto. Hata hilo mkaa wake hujaa na lazima ubadilishwe. Na anayepikia maharage au makande kwa magadi ajue kwamba baadhi ya magadi ya kaskazini yana floraidi nyingi pia.

Mvua haina shida hiyo. Inatoka angani bila kupita kwenye mwamba, kwa hiyo floraidi yake ni ndogo mno. Hapo ndipo tenki linapopata hadhi yake, na ufa unapopata uzito wake.

Uzito huo unapimika kwa glasi. Iwekwe glasi ya mililita 300 chini ya tone kwa saa moja. Ikijaa, tenki linapoteza lita 7.2 kwa siku. Kiangazi cha Arusha, tangu masika yanapokwisha mwanzoni mwa Juni hadi vuli inapokaribia mwishoni mwa Oktoba, ni kama siku 150. Hesabu inafika lita 1,080. Familia ya watu watano inaweza kunywa na kupika kwa ndoo moja ya lita 20 kwa siku ikijibana, kwa hiyo kitone ambacho hakuna aliyekijali kimekunywa maji ya siku 54. Siku hizo ndizo ambazo mtoto hurudishwa kwenye maji ya kisima.

Kwa hiyo kabla hata ya kumwita fundi, nyumba yenye tenki linalovuja ina uamuzi wa kufanya. Maji ya mvua yaliyobaki yawe ya kinywa tu, na ya kinywa cha mdogo kwanza. Uji wa mtoto, maji ya kuchanganyia maziwa ya kopo, chai yake, chupa anayobeba chekechea: hayo yatoke kwenye tenki, yakiwa yamechemshwa kama kawaida. Kufua, kuoga, kudeki na kunyweshea ng'ombe kufanywe kwa maji ya bomba au kisima. Mtoto anayenyonya ana kinga ya ajabu: maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo sana hata pale mama mwenyewe anapokunywa maji yenye floraidi nyingi. Baba anayetaka chai yake ya jioni itokane na maji matamu ya tenki anaweza kusubiri masika. Meno yake yalishamaliza kujengwa.

Muda mzuri wa kuziba ni mwishoni mwa kiangazi, tenki likiwa karibu tupu. Kwa wanaotegemea masika yanayoanza Machi, maana yake ni Februari, na si ile wiki ya mwisho yenye mawingu.

Tenki la plastiki mara nyingi halijapasuka. Linavuja pale bomba la kutolea maji lilipofungwa, kwa sababu washa ya mpira imekauka au bomba limening'inia bila kushikiliwa na uzito wake umelegeza nati. Hiyo ni kazi ya nusu saa: kufungua, kusafisha, kuweka washa mpya upande wa ndani, kuzungusha utepe mweupe wa mafundi bomba kwenye meno ya koki, na kukaza kwa kiasi. Fundi anayekaza mpaka anatoa jasho ndiye anayepasua tenki. Bomba nalo liwekewe nguzo ya kulibeba.

Plastiki ikiwa imepasuka kweli, gundi haitasaidia. Plastiki ya matenki haya haishikani na gundi nyingi, wala na silikoni. Inashika wiki mbili kisha inabanduka kama gamba. Dawa yake ni kuchomelea plastiki kwa plastiki ya aina ileile, ufundi ambao wale wanaoziba ndoo na mabeseni mitaani wanaujua vizuri. Kwanza vitobolewe vitobo vidogo kwenye ncha zote mbili za ufa ili usiendelee kutembea, kisha uchomelewe ndani na nje. Ufa ulio juu unatengenezeka. Ulio chini, karibu na kitako, unabeba uzito wa maji yote, na kuutengeneza ni kuahirisha tu. Na kama tenki lilikuwa limekaa juu ya kokoto au jukwaa la mbao zilizoachana, hata jipya litapasuka palepale.

Tenki la saruji ndilo linalohitaji subira, na ndilo ambalo mafundi huliharibu kwa haraka. Fundi atafika, atagusa ukuta, atasema, "Mama, hapa tunapaka tu juujuu, kesho unajaza." Mama huyo amkatalie kwa upole. Ufa uliopakwa juu unarudi mvua ya kwanza.

Kazi inayodumu hufanyika ndani. Tenki likaushwe, ukuta usuguliwe kwa brashi ya waya mpaka ukoga na niru ya zamani inayobanduka viondoke. Ufa uchimbwe kwa patasi na nyundo hadi kina cha sentimita 2 hivi, mfereji uwe mpana chini kuliko juu ili saruji mpya ing'ate isitoke. Vumbi lioshwe, mfereji uloweshwe, kisha upakwe uji wa saruji. Ndipo ushindiliwe mchanganyiko wa saruji kipimo kimoja kwa mchanga safi vipimo vitatu, na ile poda ya kuzuia maji inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mchanga wenye udongo utamaliza kazi yote bure, na jaribio lake ni rahisi: ukisuguliwa kiganjani, usiache tope. Pale ukuta unapokutana na sakafu, mahali panapovuja kuliko pengine pote, ijazwe kona ya mviringo badala ya kuacha pembe kali. Mwisho ipigwe niru ukuta mzima wa ndani, mara mbili.

Halafu inakuja sehemu ambayo haimpi fundi hela, kwa hiyo yeye haitaji. Saruji haigandi kwa kukauka, inaganda kwa kunywa maji. Ikipigwa na jua la Februari siku moja, hupata nyufa ndogo ndogo zisizoonekana na tenki linavuja upya. Ifunikwe kwa magunia mabichi na kunyunyiziwa asubuhi na jioni kwa siku saba angalau. Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba.

Kama ufa una upana unaobadilika, leo unaingia ukucha na mwezi ujao kidole, saruji peke yake haitaushinda kwa sababu ardhi inasogea. Mara nyingi mkosaji ni mgrivea uliopandwa hatua mbili kutoka kwenye tenki ili kulipa kivuli. Mizizi yake inatafuta kile ambacho familia nayo inakitafuta.

Matenki ya bati yanahitaji tahadhari ya pekee. Viungo vyake vya zamani vililehemiwa kwa risasi, na fundi bati wa leo akiitwa kuziba tundu la kutu huenda akatumia risasi hiyohiyo. Risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto, na maji ya mvua, kwa kuwa hayana chumvichumvi, huiyeyusha kwa urahisi kuliko maji ya kisima. Ingekuwa hasara kubwa kumwepusha mtoto na floraidi kwa kumnywesha risasi. Tenki la bati ambalo familia inalipenda linaweza kuokolewa kwa kuwekewa ndani wavu wa waya wa kuku na kupigwa saruji, likawa tenki la saruji lenye koti la bati. Lisipofanyiwa hivyo, libaki la kufulia.

Ukali huohuo uende kwenye kila kitu kinachopakwa ndani ya tenki lolote. Lami haifai. Rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka geti haifai. Silikoni ya bafuni nyingi huwa na dawa ya kuua ukungu, na ile ya vioo vya magari haikutengenezwa kwa ajili ya tumbo la mtu. Kinachokubalika ni kilichoandikwa kwenye kopo lake kwamba kinafaa kwa maji ya kunywa. Muuza duka akisema "hii inafaa kwa yote, dada", aombwe aonyeshe maandishi.

Kuna jambo moja zito kuliko risasi na lami. Mdomo wa tenki ni mdogo, na fundi mnene anapoona hapiti, macho yake humwangukia kijana wa nyumba. "Mwanangu, wewe ni mwembamba, hebu ingia unisugulie." Mtoto asiingie. Hewa ya ndani ya tenki lililofungwa muda mrefu inaweza kuwa haitoshi kupumua, hasa la chuma lenye kutu au lenye matope yanayooza chini, na mtu huzimia bila onyo. Mvuke wa rangi na gundi unazidisha hatari. Pampu ya petroli ikiwashwa ndani au mdomoni mwa tenki, moshi wake unaua kwa dakika chache. Mtu mzima anayeingia aache mfuniko wazi kwa muda mrefu kwanza, afungwe kamba, na nje abaki mtu mwingine mzima asiyeondoka hata kupokea simu. Aliye ndani akinyamaza, wa nje avute kamba na kuita majirani, asijitumbukize kumfuata. Hivyo ndivyo ndugu wawili hufa kwa siku moja.

Na kwa zile siku saba za magunia mabichi, mdomo wa tenki ufunikwe kwa kitu kizito. Watoto wa miaka mitatu hupenda sana kuchungulia.

Saruji ikishaiva, ukuta uoshwe kwa maji yenye klorini kwenye ndoo, uachwe nusu saa, kisha usuuzwe na maji hayo yatolewe. Hayo ya kwanza yatakuwa na ladha ya saruji, kwa hiyo hata maji ya kwanza kujazwa ni bora yaende kwenye bustani. Gata zisafishwe. Mvua ya kwanza ya msimu, ile inayoosha vumbi la miezi mitano na kinyesi cha ndege juu ya bati, iachwe ipite chini.

Wazazi wengine, wakishasikia haya yote, hugeuka na kutupa dawa ya meno yenye floraidi. Hakuna haja. Hiyo inafanya kazi juu ya jino, na haipaswi kumezwa. Mtoto chini ya miaka mitatu awekewe kiasi cha punje ya mchele, na kuanzia mitatu hadi sita kiasi cha njegere, akiwa anasimamiwa mpaka ateme. Asiyejua maji anayotumia yana kiasi gani anaweza kuuliza mamlaka ya maji ya eneo lake yalivyopimwa, ndipo azungumze na daktari wa meno akiwa na namba mkononi.

Tenki likijaa, jioni ichorwe alama kwa chaki ndani ya ukuta, usawa wa maji, koki ikiwa imefungwa na gata zimeondolewa. Asubuhi maji yakiwa yameshuka kidogo, fundi asitukanwe bado, kwa sababu saruji mpya hunywa maji usiku wa kwanza. Alama ya pili ichorwe jioni inayofuata, na hiyo ndiyo ya kuaminiwa. Maji yakilala palepale, fundi alipwe salio lake.